Moba-Kirungu: Si breki zilizokatika, ni pini

Leo ninaanza kwa kujisahihisha. Waliosikiliza habari zetu za jioni siku ile wanakumbuka: nilitangaza kwamba trakta iliyokuwa ikishuka kutoka Kirungu kwenda Moba-Port ilipoteza remoroki yake kwenye mteremko kwa sababu "breki zilikatika". Nilisema hivyo kwa sababu motari aliyenipigia simu kutoka pale alisema hivyo, na kwa sababu huku kwetu kila ajali ya mteremko ni breki. Neno hilo linatoka mdomoni lenyewe. Nilikosea. Tena kosa langu si dogo, maana mtu akisikia "breki" anatikisa kichwa, anasema hayo ni mambo ya Mungu na ya mafundi, kisha anaendelea na safari yake.

Siku mbili baadaye nilienda kuitazama remoroki yenyewe. Ilikuwa bado imelala ndani ya mfereji, magunia yameshaondolewa, mahindi yaliyomwagika yameliwa na kuku wa jirani. Fundi mmoja mzee, ambaye vijana wote wa garaji hapa Kirungu wanamwita Papa, alikuwa amechuchumaa mbele yake. Nikamsalimu. Akanijibu bila kuinuka.

"Mwanangu, nilikusikia kwenye redio. Ulisema breki. Remoroki hii haijapata kuwa na breki tangu siku iliyotengenezwa."

Akaniwekea kitu mkononi. Kilikuwa kipande cha chuma cha beto, kile cha kujengea nguzo za nyumba, unene wake milimita 12, kimepinda katikati na kukatika upande mmoja. "Hiki ndicho kilichokuwa kinashika watu 11 na magunia yao," akasema. "Andika hicho."

Basi naandika hicho.

Remoroki, ile ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaiita tela, haina injini wala usukani. Ina mkono mrefu wa chuma mbele, na mwisho wa mkono huo kuna pete, yaani tundu. Nyuma ya trakta kuna mdomo wa chuma wenye midomo miwili, wa juu na wa chini, kila mmoja una tundu lake. Unaingiza pete katikati ya midomo hiyo, unashusha pini kutoka juu ipite matundu yote matatu, halafu chini ya pini unaweka pini ndogo ya kufungia ili ile kubwa isiruke juu. Basi, ni hayo tu. Kila kitu kilicho nyuma, mahindi, mihogo, mikeka, masufuria, mama na mtoto mgongoni, kinashikwa na fimbo moja ya chuma isiyozidi urefu wa mkono wako kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Fimbo hiyo inatakiwa ijaze tundu. Tundu la remoroki ile nililipima na Papa: pini ya milimita 30 ingekaa vizuri ndani yake. Ukiweka chuma cha milimita 12 mahali pa milimita 30, hujapunguza nguvu mara mbili na nusu kama macho yanavyodhani. Chuma kinashika kwa upana wake wote wa ndani, kwa hiyo umepunguza nguvu zaidi ya mara sita. Halafu kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonitia hofu zaidi. Chuma chembamba ndani ya tundu pana kinacheza. Trakta ikivuta, pete inapiga mbele. Trakta ikipunguza mwendo, remoroki inasukuma, pete inapiga nyuma. Kila shimo la barabara ni nyundo moja. Na barabara ya kwetu ina mashimo mangapi, wewe unayaponda kila siku, sina haja ya kukuhesabia.

Kwenye mteremko hali inageuka kabisa. Mahali panaposhuka mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, remoroki yenye uzito wa tani 3 inaisukuma trakta kwa nguvu ya karibu kilo 300, muda wote, hata barabara ikiwa laini. Weka juu yake dereva anayeondoa vitesi ili aokoe mazuti, aache gari lishuke bure, na hapo mbele anaona mbuzi, anakanyaga breki za trakta. Remoroki isiyo na breki haijui habari za mbuzi. Inakuja na uzito wake wote, inapiga pini.

Kati ya watu 11, wanane walitoka na michubuko. Kijana mmoja, boi-shoferi, aliruka akateguka bega. Mtoto wa miaka sita alivunjika mkono. Mama yake alivunjika mguu juu ya goti. Mama huyo ni mhamaji. Alifika kwetu na watoto watatu wakati vijiji vya kwao vilipochomwa moto, akakaa kambini, akalima shamba la kukodi huku kwenye mlima, na siku ile alikuwa anapeleka magunia yake mawili ya kwanza bandarini ili yapande mashua. Nilimkuta amelala hospitalini, mguu umefungwa jiwe la kuuvuta. Alinisikiliza nikimweleza habari ya pini, akanyamaza kidogo, kisha akasema hivi:

"Yaya, mimi si mjinga. Kabla ya kupanda nilitazama magurudumu. Nilimtazama shoferi, nikamnusa kama amekunywa lutuku. Hapo katikati hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitazame."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Sisi wa redio tumesema mara mia: msipande na dereva mlevi, msijaze kupita kiasi, msisafiri usiku. Hapo katikati, kati ya trakta na remoroki, hatujawahi kupasema. Nami naongeza: wengi wetu hatukupasema kwa sababu hatukupajua.

Najua kuna watakaosema tukataze watu kupanda remoroki, yaishe. Kiongozi mmoja aliniambia hivyo mlangoni mwa ofisi yake, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Kwa haki kabisa, remoroki ilitengenezwa kwa mizigo. Hata treni yetu ilitupa somo hilo: tarehe 12 Septemba 2019, huko Mayibaridi, mkoani kwetu Tanganyika, treni ya mizigo iliacha reli, na watu waliokuwa wameipanda wakafa. Sizungumzii hapa chanzo cha ajali ile. Nazungumzia watu waliokaa mahali pa mizigo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Lakini kataza kesho, na kesho kutwa mama yule atafikaje bandarini? Kamio hazipandi kila siku. Pikipiki inabeba gunia moja, mbili kwa shida, na bei yake inakula faida yote. Anayekataza bila kuleta gari lingine anamwambia mama abebe kilo 100 kichwani. Au, na hili ndilo litakalotokea, remoroki zitaendelea kushuka alfajiri kabla polisi hawajaamka, gizani, na pini ile ile. Mimi sitaki zikatazwe. Nataka zifungwe vizuri.

Na kufunga vizuri ni kitu gani? Ni pini iliyotengenezwa kuwa pini, inayojaza tundu, yenye pini ndogo ya kufungia chini yake. Si msumari uliopindwa, si waya, si kamba ya neti. Halafu minyororo. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hata wenye remoroki kadhaa niliozungumza nao walidhani mnyororo ni urembo.

Kazi ya mnyororo inaanza pale pini inapokatika. Unakuwa miwili, inapita chini ya mkono wa remoroki kwa kukatizana kama herufi X, na kila mmoja unashikwa kwenye mwili wa trakta yenyewe. Ukiufunga kwenye ile pini hujafanya kitu, maana pini ikienda inaondoka na mnyororo wake. Pini ikikatika, mkono wa remoroki unaangukia juu ya ile X kama mtoto kwenye kitenge. Hauchimbi ardhi, haupindui remoroki, na dereva anabaki na kitu cha kuongoza mpaka asimame. Uwe mrefu wa kutosha kona, mfupi wa kutoburuta chini. Usinielewe vibaya: mnyororo hauipi remoroki breki. Kwenye mteremko mkali remoroki iliyokatika pini itaendelea kumsukuma dereva. Lakini itakuwa bado nyuma yake, haitakuwa peke yake njiani ikielekea kwenye nyumba za watu.

Jambo hili si mawazo ya Papa wala yangu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977 wakati ikiitwa Zaire, unasema kwamba remoroki ikikatika njiani lazima ijisimamishe yenyewe. Zile ndogo za ekseli moja, zisizozidi kilo 1,500 pamoja na mzigo, zinasamehewa sharti hilo, lakini kwa kubadilishana na kitu kimoja: ziwe na kiungo cha pili, mnyororo au kebo, kitakachozuia mkono usiguse ardhi. Mwaka mmoja baada ya kujiunga, Agosti 1978, nchi ilitoa sheria yake ya barabara, namba 78-022, ambayo polisi wanaitaja wakikusimamisha. Basi tangu wakati wa wazazi wetu karatasi zipo. Na karatasi ndizo zinazokaguliwa. Nimesimama mara nyingi pale kwenye kizuizi, nimeona dereva akiulizwa karatasi, akiulizwa "kitu kidogo cha maji", akiruhusiwa kupita. Sijawahi kuona mtu akiinama kutazama pini. Kuinama hakugharimu hata furanka moja.

Wazee wa reli kule Kalemie wanalijua jambo la kujisimamisha kuliko sisi sote. Reli ile ilifika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, na mzee aliyefanya kazi ya kuunganisha mabehewa atakueleza kwamba kwenye treni zenye breki za hewa, behewa na behewa hawashikani kwa chuma peke yake. Kuna bomba la hewa linalopita kutoka injini mpaka mwisho. Ni hewa hiyo inayozifanya breki ziachie. Treni ikikatika katikati, bomba linakatika, hewa inatoka, na breki zinashika zenyewe pande zote mbili. Aliyebuni hivyo alijua kwamba siku moja kiungo kitakatika, akapanga mambo kwa ajili ya siku hiyo. Sisi tunapanga kwa ajili ya siku ambayo hakitakatika.

Kwa wenye majipu, ambao wengi wanakodishwa na mashirika kubeba mizigo ya wahamaji, kiungo ni cha aina nyingine, lakini ugonjwa ni ule ule. Nyuma ya jipu kuna mpira wa chuma, na mbele ya remoroki kuna kikombe kinachoukalia na kujifunga. Tatizo ni kwamba magari yetu yanatoka kila pembe ya dunia, na mipira haina saizi moja. Kuna wa milimita 50, wa Ulaya. Kuna wa Marekani wa inchi 1 na 7/8, ambao ni kama milimita 47 na nusu, na mwingine wa inchi 2, karibu milimita 51. Kikombe cha inchi 2 kitaukalia mpira wa inchi 1 na 7/8 bila kelele. Utafunga, utaondoka, utafika kona ya kwanza salama. Shimo kubwa la kwanza litaking'oa. Mara nyingi saizi imeandikwa kwenye chuma chenyewe, juu ya mpira na juu ya kikombe. Futa matope usome. Na ukishafunga, inua mkono wa remoroki kwa nguvu au kwa jeki: kama nyuma ya gari inainuka pamoja nao, kimeshika. Kama mkono unainuka peke yake, mshukuru Mungu kwamba umeinua.

Kuna kosa jingine, na hili tunalifanya sisi abiria. Magunia yakishapangwa, watu wanapenda kukaa nyuma kabisa, kwa sababu huko kuna hewa na ni rahisi kuruka. Remoroki ya ekseli moja ni kama mizani. Uzito ukizidi nyuma ya magurudumu, mkono wa mbele unataka kuinuka, unaisukuma pini juu, na kama hakuna pini ndogo ya kufungia, shimo moja linatosha kuichomoa. Na hata isipochomoka, remoroki yenye mkia mzito inaanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri unavyokimbia ndivyo inavyozidi. Mzigo mzito ukae juu ya magurudumu na mbele yake kidogo, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote inalalia kiungo. Siku ile ya mteremko, magunia yalikuwa mbele, sawa. Watu 11 walikuwa nyuma.

Nilimwuliza mwenye remoroki mmoja, si huyo wa ajali, kwa nini hana minyororo. Aliniambia pini halali na minyororo miwili vitamla pesa za safari mbili za siku ya soko. Akasema kwa kulalamika, nami nikabaki namtazama. Safari mbili!

Hapa ndipo nasema na ndugu zangu wahamaji, ninyi mlio kwenye kambi na ninyi mliopokelewa ndani ya familia. Tangu mwaka 2017, wakati vita kati ya Watwa na Waluba vilipojaza kambi kuizunguka Kalemie, mpaka mwaka 2025 mashua zilipoleta watu kutoka Kivu ya Kusini, mkoa huu umekuwa mkoa wa watu walio njiani. Anayehama anapanda kile kinachoondoka. Hilo naelewa, risasi zikilia hakuna anayeuliza pini. Lakini wengi wenu sasa hamkimbii. Mnaenda shamba, mnaenda soko, na wengine, Mungu akijalia, mnafunga mizigo kurudi makwenu na nyumba nzima ikiwa juu ya remoroki moja. Siku hizo mnayo dakika moja. Kabla hujampandisha mtoto, zunguka mpaka pale katikati, uinamie. Kama unaona waya, au chuma cha beto, au pini inayocheza ndani ya tundu, sema. Mama mmoja akisema peke yake atatukanwa, najua. Kumi wakisimama chini na magunia yao, shoferi atakwenda kutafuta pini, kwa sababu hakuna mtu anayeshuka bandarini na remoroki tupu.

Na mashirika yanayokodi trakta na majipu kwa ajili ya chakula na mahema, mnaandika mikataba ya kurasa nyingi. Ongezeni mstari mmoja kuhusu pini na minyororo, na mtu wenu mwenye kofia na gilet ainame atazame kabla hajatia sahihi. Siombi zaidi ya hapo.

Mteremkoni kwenyewe, dereva ashuke na vitesi vidogo, vile vile ambavyo angevitumia kupanda. Na pale juu, kabla barabara haijaanza kuinama, pawe na mahali pa kusimama. Watu washuke, watembee kwa mguu sehemu ile mbaya, mizigo itangulie. Wazee wanasema zamani kamio za misioni zilifanya hivyo, na boi-shoferi alikimbia nyuma na kigogo cha mti tayari kukitupa chini ya gurudumu. Watu walicheka, lakini walifika.

Alhamisi nilikwenda tena garajini. Remoroki imetolewa mferejini, imenyooshwa, imepakwa rangi ya buluu mpya. Ina pini ya milimita 30, Papa mwenyewe ameichonga, na pini ndogo ya kufungia imening'inia kwa kamba ili isipotee. Minyororo haipo. Mwenyewe alisema wiki ijayo. Mama yule bado yuko kitandani, na majirani zake wa kambini wanamlimia shamba kwa zamu. Kesho ni siku ya soko. Nitakuwa pale juu kabla ya mteremko, tangu saa kumi na moja asubuhi, na kinasa sauti changu, na nitainama chini ya kila remoroki itakayopita.